Kinga ya Mtoto na Dhuluma ya Tuhuma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa wa Nzega, mkoani Tabora, baada ya sala ya Alasiri)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena, napenda kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la madaktari peke yao, lakini kwa hakika linaingia ndani ya nyumba zetu, ndoa zetu na ujirani wetu. Nalo ni habari ya mtoto anayeugua tena na tena. Mwezi huu anapona nimonia, mwezi ujao anarudishwa hospitali na homa kali. Masikio yanatoka usaha wala hayakauki. Jipu likipona hapa lingine latokea pale. Wazazi wamechoka, fedha zimekwisha, na maneno yameanza kusemwa uani.

Nataka hasa tuangalie kwa nini maradhi ya namna hii huanza pale mtoto anapotimiza miezi sita au zaidi kidogo. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na kwa kukosea huko damu isiyo na hatia imepata kumwagika katika nchi hii ya Unyamwezi na Usukuma.

Ulinzi wa mwili

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu na kuuwekea walinzi. Ngozi ni ukuta wa nje. Nyuma ya ukuta huo zipo chembechembe nyeupe za damu, ambazo tumezoea kuziita askari wa mwili tangu tulipoanza kufundishwa juu ya UKIMWI. Lakini askari hawa si wa namna moja. Wako wanaowakamata wadudu wa maradhi na kuwameza. Wako wengine ambao kazi yao ni kutengeneza kitu kiitwacho kingamwili, nazo huenea ndani ya damu, katika mate na katika maziwa ya mama.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa wako askari wanaomeza, kingamwili ni za nini? Jibu ni kwamba baadhi ya bakteria walio hatari kabisa kwa watoto wadogo, kama vile nimokokasi anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, na yule aitwaye kwa kifupi Hib, wamevikwa gamba lenye utelezi. Kila aliyepata kuvua kambare anajua habari yake. Ukimshika kwa mkono mtupu anakuponyoka; ukipaka mkono majivu, umemshika. Kingamwili ndizo majivu yale. Hunata juu ya gamba la bakteria, na askari anayemeza akija anapata pa kushikia. Zikikosekana, askari wapo lakini adui anawateleza, anazaliana katika mapafu na masikio, kisha anaingia katika damu.

Posho ya mama na mwisho wake

Mtoto mchanga huzaliwa akiwa bado hana uwezo wa kujitengenezea kingamwili za kumtosha. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, katika miezi ya mwisho ya mimba mama humpitishia mtoto kingamwili zake kwa njia ya kondo la nyuma, na baada ya kuzaliwa humwongezea nyingine kwa maziwa yake.

Wazee wetu wa Unyamwezi waliobeba mizigo katika njia ya misafara, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, walijua maana ya posho. Msafiri aliyetoka na posho ya siku kadha alijua kwamba ikiisha hana budi kupata nyingine njiani, la sivyo hafiki. Kingamwili za mama ni posho ya namna hiyo. Hupungua mwezi baada ya mwezi, na mtoto akifikia umri wa miezi sita hivi huwa zimebaki kidogo sana. Mtoto mzima wa afya huwa ameanza kujitengenezea zake. Lakini wako watoto wachache waliozaliwa na kasoro ya kurithi, ambao mwili wao hauwezi kuzitengeneza, au huzitengeneza pungufu. Posho ya mama ikiisha, hawana nyingine. Ndipo maradhi yanapoanza.

Sasa ndugu zangu, angalieni umri huo ni umri gani. Ndio umri ambao mtoto amenona, anaketi, anacheka, anaanza kutambaa. Kila apitaye humbeba na kumsifu. Wiki chache baadaye analazwa kwa nimonia, na nyumba nzima inakumbuka: "Tangu bibi fulani alipombeba na kumsifu, mtoto hakuwa mzima tena." Kumbe saa iliyofika si saa ya jicho la bibi yule. Ni saa ya posho kuisha, nayo ingefika hata kama mtoto angefichwa ndani asionwe na mtu yeyote.

Mtoto wa mwaka 1952

Jambo hili halikujulikana zamani hata kwa madaktari. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari ya mtoto wa kiume wa miaka 8 ambaye kwa muda wa miaka minne bakteria waliingia katika damu yake mara kwa mara, na mara nyingi alikuwa yule nimokokasi. Alipotibiwa alipona, kisha akaugua tena. Bruton aliipima damu yake akaona kwamba sehemu yenye kingamwili haimo kabisa. Akaanza kumchoma kila mwezi sindano ya kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu wazima wenye afya, na maradhi yale makali yakamwacha.

Baadaye ilijulikana kwamba kasoro hiyo hukaa katika kromosomu ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume anayo moja tu. Mama akiwa na moja yenye kasoro, ile nzima humtosheleza, naye hana ugonjwa wowote. Lakini kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata ile mbovu, na akiipata hana nyingine ya kumsaidia. Kila mtoto wa kike naye ana nafasi nusu kwa nusu ya kuichukua bila kuugua na kuipeleka kwa wanawe. Mwaka 1993 wataalamu waliitambua chembe ya urithi yenyewe inayoharibika.

Kwa hiyo katika nyumba moja waweza kufa watoto wa kiume wawili au watatu, na mabinti wakabaki wazima. Dada wa mama naye akapatwa na hayo hayo katika nyumba yake. Asiyejua atasema ukoo wa mwanamke huyu una laana, au wamewatoa wavulana kafara ili wapate mali. Daktari mwenye ujuzi akiyasikia maelezo hayo hayo, huyahesabu kuwa alama kubwa ya kumwonyesha ugonjwa.

Kasoro hii aliyoieleza Bruton ni nadra sana. Zipo nyingine za jamii yake, nyingine nyepesi, nyingine nzito. Lakini yuko ndugu yake wa karibu ambaye si nadra hata kidogo katika sehemu zetu, naye ni selimundu.

Selimundu na bandama

Wengi wetu tunaijua selimundu kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Ni wachache wanaojua kwamba mtoto mdogo mwenye selimundu huweza kuuawa na bakteria kabla hata maumivu hayajajulikana.

Sababu yake ni bandama, ambayo wengine huiita wengu. Damu hupita humo polepole, na humo bakteria wenye gamba la utelezi huchujwa. Tena humo wanakaa askari wanaotengeneza haraka kingamwili za kulishika gamba hilo. Katika selimundu, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo ya bandama, nayo hufa kidogo kidogo tangu utotoni. Hivyo mtoto huyu hakukosa askari kwa kuzaliwa, bali kambi yao imeharibiwa.

Naye pia huwa mzima katika miezi ya mwanzo! Mtoto huzaliwa na damu ya namna ya tumboni, isiyojikunja, na damu hiyo hupungua na kuachia nafasi damu ya kudumu anapokaribia nusu mwaka. Magonjwa haya mawili ni tofauti, lakini saa yake ya kudhihirika ni moja, na ile saa ndiyo inayowaponza majirani.

Uchunguzi wa damu za watoto wachanga katika mikoa ya kaskazini-magharibi inayohudumiwa na Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliotangazwa mwaka 2018, ulihusisha watoto zaidi ya 17,000. Karibu mtoto 1 kati ya 5 alikuwa na chembe moja ya urithi wa selimundu, asiugue, na zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Hesabuni, basi, watoto wanaozaliwa katika kata zetu kwa mwaka, mwone ni wangapi.

Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti walipima damu za watoto waliolazwa tangu 1998 hadi 2008 ili kuona ni wepi wenye bakteria ndani ya damu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Ilionekana kwamba uwezekano wa mtoto mwenye selimundu kupatwa na balaa hiyo ulikuwa takriban mara 26 ya mtoto asiye nayo, na bakteria aliyeongoza alikuwa nimokokasi, yule yule aliyemsumbua mtoto wa Bruton.

Wala mtu asiseme kwamba urithi huu ni laana. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza kutokana na uchunguzi wake wa Afrika Mashariki kwamba mwenye chembe moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kumbe chembe hii imedumu katika nchi zenye mbu kwa sababu iliwaokoa watu wengi, na ni pale tu zinapokutana mbili ndipo huleta ugonjwa. Wala si ya kabila moja. Oman, walikotoka Waarabu waliofanya maskani Tabora, wataalamu wameikuta selimundu ya aina ile ile iliyo kwa Wabantu wa Afrika, kwa ajili ya uhusiano wa karne nyingi. Njia zilizopitisha pembe na nguo zilipitisha pia damu, na hakuna ukoo unaoweza kusema hayo si yetu.

Dhuluma ya tuhuma

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nisimame mbele yenu. Sote tunajua yaliyotokea kwa miaka mingi katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza. Wanawake wazee wamekatwa mapanga usiku kwa tuhuma za uchawi, na wengine hawakuwa na kosa ila kuwa na macho mekundu, ambayo ni moshi wa kuni na samadi waliopikia tangu usichana wao. Na mara nyingi chanzo cha tuhuma ni kifo cha mtoto. Mganga wa ramli huulizwa, naye hutaja mwelekeo, na mwelekeo ule una nyumba ya mjane.

Sisi hatukanushi kwamba husuda ni maradhi ya moyo, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu atukinge nayo. Lakini kuomba kinga ni jambo moja, na kumnyoshea mtu kidole ni jambo jingine kabisa. Dini yetu haikumpa yeyote ruhusa ya kumhukumu mwenzake kwa dhana, wala kwa ramli, wala kwa ndoto. Sheria ya nchi nayo, yaani Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928, humhesabu kuwa mkosaji yule anayemtuhumu mwenzake uchawi.

Iko dhuluma nyingine isiyomwaga damu lakini inavunja nyumba. Mke aliyefiwa na watoto huambiwa kwamba tumbo lake ni bovu, akarudishwa kwao. Ndugu mume, fikiri! Ikiwa ni selimundu, mtoto ameirithi kwako na kwake, nusu yako na nusu yake. Ikiwa ni ile kasoro ya watoto wa kiume, mara nyingi imepitia kwa mama, lakini mara nyingine huanza upya kwa mtoto mwenyewe. Na hata ikipitia kwa mama, yeye hakuichagua kama vile wewe hukuchagua rangi ya macho yako. Huo si msingi wa kumdhalilisha mtu.

Na iko dhuluma ya tatu, ya kunong'ona kwamba mtoto yule ana UKIMWI na wazazi wanaficha. Kipimo cha VVU ni wajibu kwa mtoto anayeugua mara kwa mara, kwa kuwa sababu hiyo ni ya kawaida kuliko kasoro za kurithi, na matibabu yake yapo. Lakini kikionyesha hana, tusikae tukidhani kwamba swali limejibiwa.

Tufanye nini?

Kwanza, tuhesabu. Si kila mtoto anayekohoa ana kasoro. Mafua mara kadhaa kwa mwaka ni kawaida kwa mtoto mdogo, na utapiamlo na moshi wa jikoni huleta maradhi mengi. Lakini mtoto akipata nimonia mara mbili au zaidi kwa mwaka mmoja, au usaha wa masikio mara nne au zaidi, au majipu ya ndani yanayorudi, au homa ya uti wa mgongo zaidi ya mara moja, au asiongezeke uzito, au kukiwa na ndugu waliokufa wakiwa wadogo kwa maradhi kama hayo, huyo apelekwe kwa daktari, na aelezwe yote pamoja. Andikeni tarehe nyuma ya kadi ya kliniki. Daktari anayeona ugonjwa mmoja mmoja hawezi kujua kwamba huu ni wa saba.

Pili, tufuate ngazi: kutoka zahanati na kituo cha afya mpaka hospitali ya wilaya, kisha Kitete, kisha Bugando au Muhimbili. Kipimo cha selimundu ni cha damu kidogo tu. Kiasi cha kingamwili nacho hupimwa katika damu, ingawa kipimo hicho ni cha hospitali kubwa. Matibabu ya kingamwili hutengenezwa kutokana na damu ya maelfu ya watu wanaojitolea, nayo ni ghali. Hata hivyo, aliyejulikana mapema huweza kusaidiwa pia kwa dawa za kuua bakteria zinazotolewa kwa utaratibu wa daktari. Basi tusinunue vidonge viwili vitatu dukani na kuviacha homa ikishuka, kwani hivyo tunawafundisha bakteria kuishinda dawa.

Tatu, mtoto aliyejulikana kuwa na selimundu apewe penisilini kila siku, kama atakavyoagiza daktari, kuanzia miezi ya mwanzo hadi miaka mitano. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini hiyo, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza maradhi makali ya nimokokasi kwa asilimia 84. Homa kwa mtoto huyu ni dharura, usingoje asubuhi. Iko pia dawa ya haidroksiyurea, iliyojaribiwa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yaliyotangazwa kuanzia Desemba 2018 yalionyesha kwamba ilipunguza maumivu, maambukizo, malaria na vifo.

Nne, chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2009 na ile ya nimokokasi mwaka 2013, nazo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, yaani kabla posho ya mama haijaisha. Huu ndio wakati wake hasa, na asiyempeleka mtoto anampotezea silaha. Kwa aliyekwisha gunduliwa kuwa na upungufu wa kingamwili, daktari ajulishwe kabla ya chanjo yoyote, kwa sababu chache zenye vijidudu hai hazimfai. Huyo ni mmoja kati ya maelfu, na asiwe kisingizio cha wengine kubaki nyumbani.

Tano, ndoa. Ndoa ya binamu imeruhusiwa, wala haikulazimishwa. Pale ambapo jamaa wameoana kizazi baada ya kizazi, kama zifanyavyo baadhi ya koo zenye asili ya pwani, Uarabuni na Bara Hindi, kasoro zilizojificha hupata nafasi ya kukutana. Huko Muscat, madaktari wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos waliokusanya habari za watoto wenye kasoro za kinga kwa miaka kumi waliona kwamba wengi wao wazazi wao ni jamaa. Lakini selimundu haingoji undugu, kwa kuwa imeenea. Vijana wapimwe kabla ya posa. Wawili wenye chembe moja moja wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Wala si kwamba akizaliwa mmoja basi watatu wanaofuata wamesalimika. Tusiwavunjie watu heshima kwa matokeo hayo, bali wachague wakijua.

Mwisho, nawaomba maimamu na wazee wa jamaa. Mtoto akifa, ninyi ndio mnaofika nyumbani wa kwanza, kabla ya mganga wa ramli. Tumieni saa ile. Waulizeni wazazi kwa upole: Alianza kuugua akiwa na miezi mingapi? Aliugua mara ngapi? Wako wengine waliotangulia? Majibu hayo yakifikishwa kwa daktari, mtoto atakayezaliwa baadaye aweza kuokolewa, na bibi wa nyumba ya pili atalala usiku wake kwa amani.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wagonjwa, awape subira waliofiwa, na atuepushe na dhana mbaya juu ya waja wake. Amin.